Poncho la Jeshi, Poncho la Soko

Orpha alipoona poncho la jeshi likiingia kibandani mwake kutoka mvuani, alilikalia haraka la kwake.

Alilinunua kwa mtu asiyemjua, afunikie bidhaa. Muuza makoti ya mvua anafunika mali yake kwa koti la jeshi! Lakini plastiki anazouza anazijua mwenyewe. Na mji mzima wa Likasi unajua kwamba raia akikutwa na nguo ya jeshi haulizwi ameipata wapi. Ghislain, jirani yake wa sokoni, askari walimchukua kwa ajili ya mkanda wa jeshi tu, na hajarudi.

Mtu yule alisimama mbele ya meza, kofia ya poncho imemshuka hadi machoni. Maji yalimtiririka mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Mama, ya nguvu ni gani? Yako ao hii?"

Orpha alihisi anategwa.

"Ni yenu, chef. Hii yangu inafanyaka saison moja ya mvua tu, kisha inapasuka."

Mtu alichukua poncho moja la buluu, akavuta mshono. Ukaachia pale pale kwapani. Akavuta mshono wa lile alilovaa. Haukulegea hata kidogo. Hakucheka. Alitazama nje kwenye mvua, kisha akatazama kiti cha Orpha. Orpha alishusha sketi, ule ukingo wa kijani wa poncho alilolikalia usionekane.

"Bantu banavalaka ya gani sana?"

"Hii ya bleu, chef. Mvua ikinyesha, mji muzima ni bleu."

"Nipe."

Alikuwa ameshika lilelile lililoachia. Orpha hakumwonyesha zima, wala hakutaja bei. Alimwomba Bikira Maria jambo moja tu, mtu huyu aondoke kabla ya kumwambia asimame.

Mtu alivua poncho la jeshi. Ndani alikuwa amevaa nguo za mfungwa.

Alijitupia la buluu, akamwachia Orpha lile la jeshi mapajani, akatoka pekupeku na kupotea katikati ya watu wa buluu.

Orpha hakupata hata nafasi ya kuinuka. Buti za askari zilisimama kwenye kibanda cha jirani, na sauti ikauliza nani ameona poncho la mwenzao.

Orpha alikuwa nayo mawili.