Kijiko cha Kuonjea

Kitu cha kwanza alichokiona Bi Mkubwa ni kwamba mbuzi amenenepa. Shingo imejaa, tumbo limekaza. Alijiambia ni majani ya mvua, akaingia jikoni.

Jiko lake lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua ishirini tu kutoka kwenye matuta. Asubuhi alichuma mwenyewe: mchicha, bilinganya, matango, giligilani na mnanaa. Saa sita, watu wa karakana na ofisi za jirani walikuja kukaa kwenye mabenchi yake kula. Zamani walikuwa arobaini. Sasa kumi na mmoja. Joto hili, alisema, nani ana hamu ya kula?

Hakuna aliyembishia. Fundi mmoja aliyewahi kulalamikia maharage yake alisemwa mpaka akaondoka bila kofia yake, na hakuirudia.

Siri yake aliibeba peke yake. Ile homa ya mwezi wa tatu ilipomwacha, iliondoka na ladha yote. Mnanaa, hata akiusugua mpaka utoe maji, ulimpa ubaridi tu. Chumvi na mchanga vilikuwa ndugu. Mpishi wa miaka thelathini aseme hivyo kwa nani? Mwanawe angemwambia, mama, pumzika sasa. Na kupumzika maana yake ni kukaa kwenye mkeka ukingoja kuletewa sahani.

Hapo ndipo Bubu alipomfaa.

Bubu alikuwa mke wa mwanawe, msichana wa haya, anayewapisha hata kuku mlangoni. Kazi yake ilikuwa kukusanya sahani na kumlisha mbuzi mabaki. Jina alipewa na Bi Mkubwa siku ile mama mzazi wa msichana alipokuja kumtembelea. Bubu alipika, Bi Mkubwa akaonja kijiko kimoja, akaimwaga sufuria nzima kwenye ndoo ya mbuzi, mgeni akitazama. Watu walicheka. Bubu hakusema neno, na jina likamganda. Hadi leo Bi Mkubwa aliwasimulia wateja kisa hicho, na kila mara kilinoga.

Sasa, kila siku, Bi Mkubwa alifumba macho, akaonja, kisha akampa Bubu kijiko.

"Onja na wewe, ujue chakula cha watu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mabenchi.

Bubu akiinamisha macho, Bi Mkubwa aliongeza chumvi. Akiitikia kwa kichwa, alifunika sufuria. Hawakuwahi kulizungumza. Mtoto ameelewa, Bi Mkubwa aliwaza, na kwa mara ya kwanza alimpenda kidogo.

Kisha akaja msimamizi wa chakula wa chuo cha ufundi. Mwana alikuwa amesema wazi: mgeni huyu akiridhika, wanafunzi watakula hapa msimu mzima. Asiporidhika, jiko litafungwa na mama atapumzika.

Bi Mkubwa alipika kama anayeomba. Bilinganya changa, nyanya zilizoivia shinani, na giligilani akaitupia mwisho kabisa ili isife kwa moto. Mikono haikuwa imesahau kitu. Bubu alionja, akainamisha macho. Bi Mkubwa akaongeza. Bubu akainamisha tena. Mara ya tatu akaitikia, akatabasamu.

Mgeni alikula kijiko kimoja. Akanywa bilauri nzima ya maji. Akashukuru kwa adabu nyingi, akasema amekumbuka kikao, akainuka.

Mwana alimsindikiza hadi barabarani. Aliporudi hakupandisha sauti. Alimwambia mama yake atoe vitu vyake jikoni kabla ya jioni, akaenda kutafuta kufuli.

Wakabaki wawili. Bi Mkubwa aliishika meza kwa mikono yote miwili. Neno alilolificha miezi yote hiyo, hata kwa mwanawe, lilimtoka polepole.

"Mwanangu," alisema, naye hakuwahi kumwita hivyo, "ulimi wangu umekufa. Tangu homa sionji kitu. Nilikuwa nakutegemea wewe tu."

Bubu alikisuuza kijiko, akakifuta kwa kitambaa, akakitundika.

"Najua, mama. Kila chumvi ilipokuwa imetosha, nilikwambia uongeze."