Mlango wa Nyumbani Unauliza

Mtaani kwetu funguo zilishapigwa marufuku. Mlango humfungulia mtu baada ya kuulizia jina lake kwenye seva. Leo asubuhi seva iligoma, watu wakabaki nje ya nyumba zao na vikapu vya sokoni, wakinitukana mimi, fundi wao.

Sikubanduka kitini. Tovuti ya milango ilikuwa hai, lakini hifadhidata yenye orodha ya majina ilikataa kuwaka kwa sababu diski ilikuwa imejaa. Imejaa nini? Nikachimba mpaka nikalikuta faili la makosa, limevimba kwa sentensi moja iliyorudiwa mara milioni tisa: "Shomari Kibwana hayupo kwenye orodha."

Huyo ni baba yangu. Tulimzika miezi minne iliyopita, na jina lake nililifuta mwenyewe, kama sheria inavyotaka. Maswali yote yalitoka kwenye mlango mmoja: wa nyumbani kwetu.

Nikampigia mama. "Umeuambia mlango umsubiri baba?"

"Mimi? Hata kuongea nao sijui, Mwasiti. Ila saa zile za baba yako kurudi, mlango huwasha wenyewe taa ya barazani."

Nikalifuta lile faili, nikaiwasha hifadhidata, milango ikafunguka mtaa mzima. Kisha nikaukataza mlango wetu kuulizia jina lile kwenye seva.

Jioni nikasimama mbele ya mlango huo. Taa ikawaka, lakini haukufunguka.

"Seva nimekatazwa kuiuliza," ukasema kwa upole. "Basi niambie wewe, Mwasiti. Baba amefika wapi?"