Kipepeo wa Waridi

Hye-rin alipofika kazini asubuhi ile, vitufe vyote vya mchezo wake vilikuwa vimegeuzwa mioyo.

"Huu ndio mwonekano wa wanawake," alitangaza Do-hyun, mkuu wa wasanifu katika kampuni yao ya michezo ya kompyuta pale Pangyo, Korea Kusini. "Rangi ya waridi, mioyo, na sungura wa kuonyesha njia. Ule wako mweusi wenye ramani tutaufuta."

"Mkuu, mimi ni mwanamke, na ninaupenda ule mweusi."

"Wewe ni mhandisi. Huhesabiki."

Wenzake sita, wanaume watupu, walicheka hadi kahawa ikawapalia. Hye-rin akageukia kompyuta yake. Ramani ile alikuwa ameihangaikia miaka miwili.

Wakakubaliana kuujaribu mwonekano mpya kwa mwezi mmoja. Wachezaji wakaufungua, wakaguna, wakaukimbia siku ya pili. Wote isipokuwa mmoja.

Huyo alijiita Kipepeo wa Waridi. Aliingia mchezoni kila siku saa kumi na moja kamili alfajiri, hata Jumapili. Wiki ya tatu alikuwa ameshaua majoka mia nne, na alikuwa anatuma maoni.

"Mioyo iwe mikubwa zaidi," aliandika.

"Mnaona?" Do-hyun aliruka kitini. "Wanawake na mioyo!"

"Labda haoni vizuri," alisema Hye-rin.

"Usianze."

Kesho yake: "Sungura anakimbia mno. Aningoje kwenye ngazi."

"Jamani, upole huo! Hiyo ndiyo roho ya kike."

Kisha: "Majoka yote yameteketezwa. Kwetu hakuna majeruhi. Mwisho wa taarifa."

"Mama wa nyumbani huyu," Do-hyun akawaeleza, machozi yakimlengalenga. "Anawahi kabla watoto hawajaamka. Ona alivyo na mpangilio!"

Akamwalika ofisini, aje kuzungumza mbele ya mkurugenzi kwa niaba ya wanawake wote wa Korea. Mkurugenzi akiridhika, mwonekano mweusi ungefutwa saa hiyo hiyo.

Siku ilipofika, Do-hyun alinunua shada la maua na keki ya stroberi. Akajitazama kwenye simu, akalainisha nywele. Mkurugenzi alikaa mbele. Hye-rin alijibanza pembeni, ameifungua ramani yake kwenye kompyuta, akiiaga kimoyomoyo.

Vishindo vya viatu vikasikika nje, vizito, vya kupangwa. Do-hyun akasimama mlangoni, akainama kwa heshima, shada mkononi.

Mlango ukafunguka. Akaingia mzee mwenye mabega kama kabati, kifua kimejaa medali. Akagonga visigino, akapiga saluti.

"Kipepeo wa Waridi, nimeripoti!"

Do-hyun akainua kichwa taratibu. Shada likamponyoka.

"Baba?"