Taya la Muema

Taya la Muema liliacha kutafuna.

Alikuwa amesukuma vizibo vyake vyote vya soda, ambavyo kwetu ndivyo pesa za dau, katikati ya meza ya poka, pamoja na ufunguo wa pikipiki aliyomnyang'anya kakangu kwenye meza hii hii. Kaka alirudi Siaya kwa aibu. Mimi nilibaki hapa Silanga, nikicheza na Muema kila Jumapili, nikishindwa makusudi ili nimsome.

Akiwa na karata nzuri, hutafuna miraa kama mbuzi. Akidanganya, taya husimama. Yeye mwenyewe hajui.

"Tupa karata, msee," akasema. "Ama unataka kutembea kwa miguu kama bro yako?"

Watu walicheka. Tonge la miraa lilikuwa limevimbisha shavu lake, halisogei, na ute wa kijani ulikuwa ukimtoka pembeni mwa mdomo. Hakuufuta.

Mkononi nilikuwa na karata mbili za nne tu, jozi dhaifu. Nikasukuma vizibo vyangu vyote, nikaweka juu ufunguo wa kibanda changu cha Soko la Toi.

"Nimefikia dau lako. Fungua karata, mkubwa."

Kicheko kikakatika. Muema akameza tonge zima.