Mwanamke wa Penye Mwamba

Gari lilikuwa halijafika kwenye lango la hifadhi, na tayari Mama alikuwa amegeuka katika kiti cha mbele, akamfunga binti yake kitambaa kichwani. Juu ya kitambaa alimvika kofia pana, kisha miwani ya jua iliyomteremka puani kila aliposema neno.

"Mkwe wangu," Bibi alisema, akiwa amebanana na wajukuu wake wawili kiti cha nyuma, "tumekuja kuwaona wanyama, au tumekuja kumficha mtoto wanyama wasimwone?"

Baba, aliyeshika usukani, alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Safari hii aliitaka Bibi, mama yake mzazi. Ndiye aliyewaahidi watoto twiga na pundamilia. Mama alikuwa ametafuta kila udhuru: homa, mvua, ubovu wa gari. Alishafika katika hifadhi hii zamani, na tangu siku ile usingizi wake haukuwa usingizi. Mwishowe mumewe alimwambia chumbani, "Tukizidi kukataa, mama ataanza kuuliza." Akakubali kwa sharti moja: binti asishuke garini.

Twiga walionekana, na pundamilia pia. Watoto walipiga kelele za furaha. Mama peke yake hakutazama wanyama, alitazama vichaka.

"Mama, yule nani?" aliuliza mtoto wa kiume, mdogo wa wale wawili.

Chini ya mwamba mkubwa, kati ya miti, alisimama mwanamke aliyejitanda shuka jeupe. Hakusogea wala hakupunga mkono. Vumbi la gari likampita, na lilipotulia hapakuwa na mtu.

"Ni kisiki," alisema Baba.

"Kisiki kina miguu?"

"Mume wangu ana macho ya tai," Bibi alisema, akimpapasa mjukuu wake kichwani. "Mimi sikuona kisiki wala mtu."

Barabara iliuzunguka mwamba. Walipotokea upande wa pili, mwanamke alikuwa amekwisha kutangulia, amesimama vilevile. Safari hii Bibi naye alimwona. Mkono wa Mama ulirudi nyuma, ukaushika mguu wa binti yake na kuubana.

"Unaniumiza, Mama."

Mbele kidogo palikuwa na uwanja wenye meza za mawe, mahali wageni walipopumzikia. Bibi aliamuru gari lisimame kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamekufa ganzi. Mama alisema, "Si hapa, mama, tafadhali." Lakini Baba hakuzoea kumkatalia mzazi wake; alisimama, na Bibi akashuka kujinyoosha.

Askari wa hifadhi aliyekuwa zamu aliwakaribia, akawasalimu, akaona jinsi walivyoutazama mwamba.

"Msimwogope yule mama," alisema. "Mtoto wake alipotelea hapahapa, penye meza hizi. Kalikuwa ndiyo kwanza kameanza kutembea. Tulitafuta mpaka mbwa wakachoka. Hatukuona hata kiatu. Wakubwa waliandika kuwa ni fisi. Yeye hakubali. Kila msimu kama huu huja, akawatazama watoto wa wageni."

"Masikini!" Bibi alisema. "Mimi nilimngoja mjukuu miaka, nikaletewa binti huyu akiwa tayari anakimbia, maana wazazi wake walikuwa kazini mbali. Hata hivyo nililia kwa furaha. Sembuse kumpoteza!"

Mwanamke alikuwa amekwisha kufika. Karibu, hakuwa na cha kutisha. Alikuwa mwembamba tu, na midomo yake ilikuwa imekauka kwa jua. Aliinama penye dirisha la binti.

"Wa kwako?"

"Wangu," Mama alijibu kabla swali halijaisha.

"Ana miaka mingapi?"

"Mitano."

"Sita!" Bibi alidakia. "Mkwe wangu, mbona unamdhulumu mwenzako mwaka?"

"Wangu naye angekuwa na miaka sita," mwanamke alisema. Akaweka kiganja juu ya ile kofia, kwa upole sana. "Mshike mkono, mama. Mimi niligeuka kumimina chai tu."

Kucha za Mama zilikuwa zimezama katika paja lake mwenyewe. Baba aliwasha gari kabla Bibi hajarudi kukaa vizuri, akamwacha askari katikati ya maneno.

Nyuma, binti alipiga magoti juu ya kiti, akaelekea kioo cha nyuma. Alivua miwani iliyokuwa ikimsumbua, na kofia ikamdondoka pamoja na kitambaa. Akampungia yule mwanamke, kiganja kikiuelekea uso wake mwenyewe kana kwamba anajiaga, kwa namna ambayo hakuna mtu nyumbani aliyemfundisha wala aliyeweza kumwachisha.

Mama aliyaona yote katika kioo cha pembeni. Mwanamke aliinua mkono ili ajibu. Mkono ukasita hewani. Kisha kiganja kiligeuka taratibu, hata kikauelekea uso wake mwenyewe. Shuka jeupe likaanguka, naye akaanza kukimbia.

"Simamisha gari, anatuita!" Bibi alisema.

Mama alimwinamia mumewe sikioni.

"Ongeza mwendo," alinong'ona. "Amemtambua mwanawe."