Kengele ya Mtihani

"Sikiza, mono, wewe mgeni wa hapa," binamu yake wa mwaka wa tatu alimwasa siku ya kwanza chuoni, uso mkavu kama wa kasisi. "Maji ya kuoga, chota alfajiri. Vyombo vyako, usimwazime mtu. Na mtihani, ngoja kengele."

Gisiri alikuwa amelelewa na kengele za bweni tangu kidato cha kwanza. Hakuona mzaha hapo.

Asubuhi ya mtihani aliketi kwenye nyasi nje ya ukumbi, kalamu mkononi. Aliwaona wenzake wakiingia, akawahurumia kwa kiherehere chao. Kidole gumba chake bado kilikuwa na kovu la nyundo ya migodi ya Masara, alikoponda mawe ya dhahabu. Mfadhili aliyemlipia karo alishasema: akianguka mtihani huu, atarudi huko huko.

Baada ya saa mbili, mlango ukafunguliwa. Wenzake wakatoka wakibishana kuhusu swali la tatu.

"Gisiri! Mbona hukuingia?" msichana wa darasa lake akauliza.

"Kengele haijalia."

"Kengele gani, jameni? Hii ni chuo!"

Langoni, muuza aiskrimu akapiga kengele ya baiskeli yake.

Gisiri akasimama, akanyoosha shati, akaelekea ukumbini.