Mabega Inchi Kumi na Tisa

"Geuka, mzee. Polepole. Nione mgongo."

Mzee Nzomo akageuka, na koti la kijivu likageuka naye. Syombua akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja kama anayelenga ndege kwa manati.

"Hapa juu pameinama," akasema.

"Pameinama wapi, siste?" Fundi Kimanzi akaiacha cherehani yake. Kibanda chake pale soko la Jericho kilikuwa na makoti manane yakining'inia kwenye misumari, na ubao wa chaki mlangoni: TUNAKODISHA KWA SHEREHE. ULIZA BEI. "Hiyo ni heshima! Mambo ya zamani hayo. Siku hizi hawatengenezi hivyo."

"Uzamani nauona. Nauliza uimara."

Humuuzii Syombua kitu hivi hivi. Aliwahi kununua simu mpya Eastleigh, akafungua boksi nyumbani, akakuta mche wa sabuni. Sabuni ilifua wiki mbili. Simu haikulia hata siku moja. Tangu hapo hata nyanya huzigeuza chini juu kabla ya kutoa shilingi.

Na Jumamosi hii haikuwa ya kubahatisha. Wajomba wa Kweyu mchumba wake, saba wazima, mmoja wao mwalimu mkuu mstaafu, walikuwa wanakuja na mbuzi wa ntheo, wale ambao kwa Mkamba bila wao hakuna ndoa. Kweyu mwenyewe hakuwa na neno. Yeye angemchukua Syombua hata akiwa amevaa gunia. Taabu ilikuwa wajomba. Walishasema wazi kwamba watapima familia kwa macho. Wakiona upande wa bibi harusi umelegea, watageuza gari, mbuzi wakiwa ndani.

"Kaa," Syombua akaamuru.

Mzee akakaa. Mshono haukulia, goti ndilo lililolia.

"Simama. Omba kidogo."

Mzee akainua mikono juu. "Mungu wa Ibrahimu, wewe uliyewaleta wageni wetu bila pancha..."

Kwapani palikuwa salama. Syombua akajikuta anaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akajizuia haraka. Mwenye duka akikuona umependa, umekwisha.

"Ukiambiwa mbuzi watatu wametosha?"

Mzee akakohoa, akayatazama mabati, akakunja uso kama aliyepewa habari za msiba.

"Nitasema naenda choo."

"Halafu?"

"Nitakaa huko mpaka waongeze."

Kimanzi akapiga meza kwa kicheko, pini zikamwagika. "Umesikia, siste? Na bado unaniambia pameinama!"

"Sijasema nimeacha. Mabega inchi ngapi?"

Kimanzi akatoa utepe shingoni mwake, akaunyoosha bega hadi bega. "Kumi na tisa. Kamili."

Syombua akaligusa bega lile kwa vidole viwili, kisha akauondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Bei?"

"Elfu mbili, asubuhi mpaka jioni."

"Elfu mbili kwa siku moja? Mwizi wewe! Huko nyuma ya soko nimeambiwa mia nane."

"Ya mia nane huja na harufu ya pombe ya chang'aa. Ukaipeleke harufu hiyo mbele ya mwalimu mkuu?"

"Elfu moja."

"Wiki jana tulikodisha Umoja. Bibi harusi alirudi hapa analia kwa furaha."

"Alikuwa analilia pesa zake. Moja na mia mbili."

"Moja na nusu, nauli juu yako. Ukichelewesha kurudisha, naongeza mia tatu. Hapo sasa nimefika mfupa, siste."

Syombua akapiga hesabu. Wajomba saba kwa elfu moja mia tano: kila mjomba ananyamazishwa kwa mia mbili na chenji kidogo. Hakuna mahali Nairobi hii utanyamazisha mjomba kwa bei hiyo.

Akatuma pesa. Simu ya Kimanzi ikalia, naye akasoma ujumbe mara mbili, akatabasamu, akavuta mfuko wa karatasi chini ya meza. Akamvua mzee koti, akaanza kulikunja taratibu, mikono ndani, kola juu.

"Hilo lirudishe kwenye msumari," Syombua akasema, akimshika mzee Nzomo mkono. "Mimi nimelipia mzee peke yake. Koti la marehemu baba ninalo nyumbani, mabega inchi kumi na tisa. Limekosa mtu tu."